Jani Moja la Sierra Nevada

Mwalimu wangu,

Amahoro. Najua kumsalimia kwa amani mtu aliyelala makaburini kunachekesha, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kuanza na neno hilo, hata zile asubuhi ambazo bunduki zilikuwa zinasikika vilimani kabla hatujanywa chai. Nakuandikia kwenye benchi yangu ya kazi, na penseli ni hii hii ya kuchorea mbao, kwa hiyo usinikemee kwa mwandiko. Mbele yangu liko sanduku lako la bati. Kesho asubuhi, wakituruhusu, kuna boti la kwenda Kigoma, na jina langu limo. Nampelekea sanduku mke wako, Mama Goreti, kama alivyoagiza. Kufuli ninayo mkononi tangu saa nne. Sasa ni saa tisa na bado sijaifunga.

Kuna jambo nilikuficha, Mwalimu. Uliondoka hulijui. Nisipolisema leo litavuka ziwa pamoja na sanduku, na huko litasomwa kwa jina lako.

Ngoja kwanza nikupe habari za huku, nipate pa kushika. Darasani kwako wanalala watu waliokimbia kutoka vilimani. Kuna mama mmoja anatundika nguo za mtoto wake kwenye ule msumari niliokupigilia wa kutundikia ramani, na mimi nimeona ni matumizi mazuri. Chikichi zinaozea chini ya miti kwa sababu hakuna lori la kuzibeba, mji mzima unanuka mawese yaliyochacha. Ruhusa ya kuvua inatolewa leo, kesho inafutwa. Barabara ya Bujumbura inafunguliwa kwa msafara tu, na waliofika wanasimulia kwamba tangu Kabezi walikuwa wameinamisha vichwa chini ya viti. Kupanda Bugarama, ambako zamani nilikuwa nanunua mbao, hakuna anayethubutu. Basi tunabaki kwenye huu ukanda wetu, ziwa mbele, milima nyuma. Natoka nyumbani nakwenda msikitini, natoka msikitini nakwenda bandarini kutazama maji, narudi. Mke wangu Zaina anasema tumekuwa kuku waliofungwa mguu.

Wewe ungesema tumekuwa mimea yako. Ulikuwa unalisema hilo mpaka nikakuomba uache.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Ulisimama mlangoni pa karakana na miwani yako iliyofungwa kwa uzi, ukasema unataka presi. Mimi ni mtu wa Rumonge. Kwetu kitu kikikandamizwa, kinakandamizwa kitoe mafuta. Nikakuundia presi ya maana, na parafujo ya chuma iliyotoka kwenye mashine ya mawese ya marehemu baba, ikabebwa na wanaume wawili mpaka kwako. Ukaweka ua la barabarani katikati, ukazungusha, na ukapata uji wa kijani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulichukua penseli ukanichorea juu ya ubao: viunzi viwili vya fito za mbao, mikanda miwili, na katikati magazeti. Uliniuliza kama naweza kutengeneza kitu chepesi hivyo, kama vile wepesi ndio ugumu. Nilikasirika kidogo. Nikatengeneza.

Ndipo uliponionyesha sanduku. Nilitegemea kuona vitabu au nguo za Ulaya. Nikaona majani makavu, karatasi baada ya karatasi, na kila karatasi ina etiketi yenye jina la mlima. Niliuliza ni dawa ya nini. Ukasema si dawa ya kitu chochote. Nikajua nimepata mteja mwendawazimu, na nikajua pia kwamba nitakuwa narudi.

Ulinieleza kwa beseni la Zaina. Ulipanga mawe ndani, makubwa na madogo, ukatawanya punje za mchele chini na juu ya mawe. Ukasema zamani sana, kabla ya watu kuandika chochote, baridi ilishuka kutoka kaskazini ikaifunika Ulaya, na mimea inayopenda baridi ikashuka nayo mpaka kusini, Uhispania, Italia, Ugiriki, ikaenea mabondeni kote. Kisha joto likarudi. Ukaanza kumwaga maji kidogo kidogo, buhoro buhoro, ukasema maji haya ndiyo joto. Punje za chini zikazama. Zikabaki zile za juu ya mawe marefu tu. "Sasa angalia, Fundi," ukasema. "Huyu wa jiwe hili na huyu wa jiwe lile walikuwa ndugu. Kushuka hawezi, chini iko joto. Kupanda hawezi, mulima umeisha." Zaina akasema umemharibia kilo nzima ya mchele, na ukamwomba radhi kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Kuna mmea mmoja uliokuwa unauita "yule wetu". Mdogo, umejikunja kama kile kimto cha kuchomekea sindano, na maua meupe yasiyozidi kichwa cha msumari. Uliuchuma kwenye Pirenei, milima inayogawa Ufaransa na Uhispania, ukapata mitatu kwenye karatasi moja. Na uliuchuma kwenye Sierra Nevada, kusini kabisa mwa Uhispania, mahali ambapo baharini watu wanaogelea na juu kuna theluji. Huko ulichuma mmoja tu, kwa sababu ilikuwa michache, na ulisema hata kwa huo mmoja uliona haya. Profesa wako wa chuoni huko Ulaya alikuwa anasema mimea hiyo ni aina moja. Wewe ulikuwa unabisha. Ulisema wamefungiwa mbalimbali kwa muda mrefu mno, lazima kila mmoja amekuwa mtu wake. Ulikuwa bado hujawaweka pamoja chini ya hadubini wakati ilipokufikia habari ya msiba wa baba yako. Ukaja kuzika, na sanduku mkononi, kwa likizo ya miezi miwili.

Miezi miwili. Vita ikaanza, chuo kikaacha kukungoja, ukawa mwalimu wa biolojia hapa kwetu.

Kazi yangu ilikuwa karatasi. Unyevu wa ziwa unapenda majani makavu, kwa hiyo kila wiki nilibadilisha magazeti. Ulinifundisha kuteleza kadi chini ya mmea bila kuugusa kwa kidole. Ulinifundisha kutazama kingo kama kuna ukungu. Na zaidi ya yote ulinifundisha kuhusu etiketi. Ulisema mmea usio na etiketi ni majani tu, na etiketi isiyo na mmea wake ni uongo. "Etiketi na mumea wake ni kama mutoto na mama yake kwenye kukimbia, Fundi. Usiwaachanishe hata dakika." Hayo uliyasema kabla Mama Goreti na watoto hawajapanda boti. Wewe ulibaki umalizie mitihani ya wanafunzi, ukawaambia utawafuata ndani ya juma moja. Siku ya tatu ziwa likafungwa.

Ulipohamia kwenye chumba cha nyuma ya karakana yangu nilikuundia kabati la mkaratusi, droo kumi na mbili. Nilijivunia lile kabati. Nawe ulilisifu mbele za watu, ila ulinionyesha droo moja ambayo kiungo chake cha nyuma kilikuwa kimeachia ufa. Nikasema nitaupiga gundi. Sikuupiga. Gundi ilikuwa imeisha, kisha nikasahau.

Sasa nafika. Nimeinuka mara mbili kunywa maji ili nisifike.

Magazeti yaliisha, unajua. Hakuna gari lililokuwa linaleta gazeti kutoka Bujumbura, na yaliyokuwepo mjini yalikuwa yanafungia chumvi na tumbaku. Zaina ndiye aliyekuwa na rundo, yale aliyonunua zamani ya kufungia ndagala wake. Uliniambia wazi: yaliyo safi tu, yaliyofungia samaki hapana. Nikatumia safi mpaka yakaisha. Halafu wewe ukaanguka na homa, siku tisa hujui mchana wala usiku, na kuta zilikuwa zinatoka jasho la mvua. Niliona ukungu unaanza kwenye kingo. Nikachukua yale yaliyofungia ndagala, nikayaanika juu ya bati siku mbili kwenye jua kali. Nikayanusa. Naapa niliyanusa, moja moja. Sikusikia kitu.

Mwalimu, mimi nimezaliwa mita mia kutoka zinapoanikwa ndagala. Mama yangu alinuka ndagala, mke wangu ananuka ndagala, kanzu yangu ya Idi inanuka ndagala. Mtu wa hapa ataisikia harufu hiyo wapi? Mgeni yeyote angejua papo hapo. Ungekuwa na nguvu za kuinua kichwa ungeisikia wewe.

Wadudu waliisikia. Nilipofungua droo baada ya juma moja na nusu niliwakuta, wadogo, wa kahawia, na vumbi. Karatasi nyingi nilikuwa bado sijazibadilisha, Mungu aliniokoa hapo. Nilikuwa nimeanza na droo moja, ile yenye ufa, na humo alikuwemo yule wetu wa Sierra Nevada. Kilichobaki kilikuwa kijiti na unga. Etiketi haikuguswa, mwandiko wako umekaa vizuri kabisa juu ya hakuna.

Nilikaa sakafuni. Ulikuwa chumba cha pili, unakohoa, homa imeanza kushuka, unaniita uulize kama nje kuna jua. Nikajibu lipo.

Halafu nikafanya hivi. Nilichukua karatasi ya Pirenei, ile yenye mitatu. Nikateleza kadi chini ya mmoja, taratibu, kama ulivyonifundisha, sikuugusa kwa kidole. Nikauhamisha. Nikauweka kwenye karatasi ya Sierra Nevada, chini ya etiketi yako. Ile miwili iliyobaki nikaisogeza kidogo ili nafasi isionekane. Nikafagia unga nikautupa ziwani. Nilijiambia kwamba kwa macho ni mmea ule ule, na kwamba mgonjwa habebeshwi habari kama hiyo, na kwamba ukipona nitasema. Ulipopona sikusema. Ulikuwa umekonda, ulikuwa unafurahi kuona karatasi zako salama, ukaniita mwenzako wa kazi. Hukuwahi kuniita hivyo.

Kisha nikajimaliza mwenyewe kwa mikono yangu. Hadubini ya shule ilikuwa imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikimbilia Tanzania na ufunguo mfukoni. Ulikuwa umeingoja mwaka na zaidi. Nikataka kukufurahisha, nadhani nilitaka kulipa, nikaenda kwa ruhusa ya mkuu wa shule nikang'oa bawaba za mlango, nikakuletea hadubini kwenye toroli chini ya maranda. Nilikuwa nimesahau utaitumia kwa nini. Au sikusahau, nilikuwa najidanganya. Nilikuona tu unakaa dirishani, unageuza kile kioo kidogo kitafute jua, unasema, haya Fundi, niletee yule wetu, wa hapa na wa kule.

Nilileta. Ningeweza kuangusha. Ningeweza kusema. Nilileta.

Ulitazama mpaka jua likahama ukalazimika kusogeza meza. Huyu, kisha yule, kisha huyu. Mimi nilikuwa nimeshika randa na sipigi randa chochote. Mwisho ukavua miwani ukafuta macho kwa shati, ukasema, "Nimekosea, Fundi. Iko aina moja. Mpaka vinyweleo." Nilifungua mdomo. Na hapo wewe ukatabasamu, tabasamu la mtu aliyeweka mzigo chini, ukaongeza jambo ambalo nimelisikia kila siku tangu hapo. "Lakini si mubaya. Maana yake mutu anaweza kufungiwa myaka elfu na akabaki yeye. Na sisi tutatoka humu tukiwa wale wale."

Nikafunga mdomo. Nilisema moyoni, nani mimi nimnyang'anye hilo? Ulikuwa huna mke karibu, huna watoto, huna kazi, na miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Ukaandika kwenye kaye yako, lile daftari la kazi, kwa Kifaransa, ukanisomea kwa Kiswahili: kwamba ulibishana na Profesa bure, kwamba kutengwa hakukuwabadilisha, kwamba ulikosea. Ukatia sahihi. Usiku ule ulilala vizuri na mimi sikulala.

Zile siku za mwisho sitaziandika, ulikuwepo. Miguu, halafu uso, halafu pumzi. Daktari alisema figo, akasema dawa iko Bujumbura, na Bujumbura msafara haukwenda siku kumi na saba. Nilikuwa nakaa nawe na kila ukifumbua macho nilidhani nitasema. Mara moja nilianza. Nikasema, Mwalimu, kuhusu ile karatasi. Ukanishika mkono ukasema karatasi zote nakuachia wewe. Ulinifungia ndani kwa wema, na hukujua.

Mbao za jeneza hazikupatikana. Nilizunguka mji mzima. Watu walikuwa wamezichoma kupikia, wengine walizitumia kuzibia madirisha, na za Bugarama ndiyo hivyo. Basi nikarudi nikalitazama kabati langu. Tuliziweka karatasi zako zote kwenye sanduku la bati, mimi na Zaina, kisha nikaanza kulivunja kabati. Nilikuwa nalia na nyundo mkononi, jambo la hatari kwa fundi. Droo zilitoa mbao za pembeni, milango ikatoa kifuniko. Kwa hiyo unajua sasa umelala ndani ya nini. Pande zote zinanukia mkaratusi, nilihakikisha.

Nilipong'oa ile droo yenye ufa, nikaona kitu kimebanwa kwenye kiungo. Kipande cha gazeti la Kihispania, pembe tu, si la Zaina, ni lile la asili ulilokuja nalo, ambalo ulikataa nilibadilishe. Na juu yake, limegandamana, jani moja. Dogo kuliko punje ya mchele. Wadudu hawakulifikia kwa sababu lilikuwa limeingia ndani kabisa ya ufa. Nilikaa nalo kiganjani. Karatasi hiyo iliwahi kuchanika pembeni, nilikumbuka, siku moja niliposukuma droo kwa haraka. Kosa la gundi na kosa la haraka, hayo mawili ndiyo yaliyolihifadhi. Nikalitia kwenye kibiriti kitupu, nikaendelea na jeneza, maana padri alikuwa anangoja.

Siku ya nne baada ya kukuzika nilikaa dirishani. Nilijua jinsi ya kugeuza kioo, nilikutazama vya kutosha. Nikaweka kwanza jani la Pirenei. Kingo zake zina vinyweleo, vimesimama kimoja kimoja, vimenyooka. Kisha nikaweka jani la kibiriti. Nikadhani macho yana machozi, nikayafuta. Nikatazama tena. Vinyweleo vyake vimegawanyika nchani, kila kimoja, pacha pacha, kama uma.

Mwalimu, hawafanani.

Mimi si msomi. Jani moja si mmea, hilo pia ulinifundisha. Lakini nimetazama asubuhi kumi na mbili mfululizo na kila asubuhi ni uma. Ulikuwa na haki tangu mwanzo. Ulikuwa na haki na mimi nikakufanya uandike kwa mkono wako mwenyewe kwamba umekosea, na ukafa ukiamini hivyo. Na lile tabasamu lako la mwisho lilitoka kwenye udanganyifu wangu. Sijui nifanye nini na hilo. Kwamba tutatoka humu tukiwa wale wale, Mwalimu, mimi nilikuwa nimeshabadilika wakati unalisema. Kabla ya vita sijawahi kumdanganya mteja hata kuhusu ubao wenye fundo.

Ningeweza kukaa na hilo mpaka kufa, wengi wanakaa na mabaya zaidi mtaani hapa. Lakini juma lililopita mfanyabiashara mmoja wa kike alivuka kutoka Kigoma na barua ya Mama Goreti. Profesa wako amempata kupitia mapadri. Anataka kuichapisha kazi yako, na jina lako juu, ili Goreti na wadogo zake wawe na kitu cha baba yao. Anaomba karatasi zote na kaye. Kwa kaye ilivyo, kitabu kitasema kwamba ulibishana bure. Na nikisema ukweli, je? Mtu aliyehamisha mmea mmoja, nani ataamini hakuhamisha mingine? Wanaweza kulitupa sanduku zima, miaka yako yote ya kupanda milima, kwa sababu ya seremala wa Rumonge. Na Mama Goreti atajua ni nani aliyekulaza nyuma ya karakana yake. Huku nimebanwa na huku nimebanwa. Nimezunguka humo juma zima.

Nilimwambia Zaina jana. Mara ya kwanza kumwambia mtu. Alikuwa anapanga ndagala juu ya wavu, hakugeuka. Nilingoja aniambie niache, wafu wamelala. Akasema, "Baba Asha, ule mumea kule mulimani, walimaliza kuuchuma?" Nikasema hapana, ulichuma mmoja ukaacha mingine. Akasema, "Basi si iko pale? Si weye na Mwalimu mulikuwa munasema hauwezi kushuka, hauwezi kupanda? Utakuwa umeenda wapi?"

Nilisimama pale na mikono yenye maranda. Juma zima nilikuwa nimeufikiria ule mmea kama mfungwa, kama sisi. Sikufikiria kwamba mtu akiutaka, anajua pa kuukuta. Profesa ana miguu. Kama hana, ana vijana. Sierra Nevada haina bariyeri ya askari. Etiketi yako inasema mteremko gani, jiwe gani, chini ya theluji gani. Wapande wakautazame wenyewe. Hawahitaji kuniamini mimi.

Kwa hiyo leo nimefanya kazi, sasa hivi, kabla ya mstari huu. Nimetoa mmea wa Pirenei kwenye karatasi isiyo yake nikaurudisha kwa wenzake, kwa kadi, bila kidole. Jani la kibiriti nimelibandika peke yake kwenye karatasi ya Sierra Nevada. Linaonekana kama uchafu, karatasi nzima nyeupe na kitu kidogo hicho. Chini ya etiketi yako, kwa mwandiko wangu mbovu, nimeandika: Mmea uliokuwa hapa uliliwa na wadudu kwa kosa langu. Niliweka wa Pirenei mahali pake nikamficha Mwalimu, naye aliutazama huo. Jani hili ndilo la kweli, ndilo pekee. Nendeni mkautafute. Nikaandika jina langu, mtaa wangu na kazi yangu.

Mama Goreti nitamwambia kwa mdomo, uso kwa uso, kabla hajafungua sanduku. Akinifukuza nitapanda boti la kurudi, kama kutakuwa na boti la kurudi. Naogopa. Naogopa bariyeri ya bandarini, naogopa maji ya kupita Kabonga, mpakani, lakini macho ya mke wako nayaogopa zaidi.

Nakuahidi mawili. Nikirudi salama nitalizungushia kaburi lako fito, nyepesi, kama za presi yako, na safari hii viungo vyote nitavipiga gundi. Na siku njia ya vilimani ikifunguka nitapanda mpaka kwenye msitu wa juu, ule uliokuwa unanionyesha kwa kidole kutoka ufukweni ukasema huko nako kuna wapenda baridi wao. Nitautazama mmea mmoja nikiwa nimepiga magoti. Sitauchuma.

Mungu ambaye tulikubaliana ni mmoja, wewe kwa padri wako na mimi kwa shehe wangu, akulaze mahali pa baridi, ile yenye kukata masikio, uliyokuwa unaitamani kila saa nane mchana.

Imebaki kaye. Nimeifungua kwenye ukurasa ule ulioandika kwamba ulikosea. Sikuufuta, mwandiko wako siwezi kuufuta. Chini ya sahihi yako palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, nami nimeandika kwa penseli ya mbao, nikaikandamiza sana isifutike njiani:

Hapana. Mwalimu hakukosea.

Sasa nafunga kufuli.

Mwenzako wa kazi,
Fundi Ramadhani